Samahani Moja Angani

Mwenzangu wa chuo cha urubani tulimbandika jina la Samahani. Ukimkanyaga wewe, anaomba radhi yeye. Nilikuwa namfokea: dada wee, angani hakuna adabu za sebuleni. Anacheka, halafu anasema samahani.

Siku ya mtihani wake nilikaa kiti cha nyuma, maana zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Alishafeli mara mbili; akifeli tena, anafukuzwa. Kipimo chenyewe kinatisha: unainua pua ya ndege mpaka iishiwe nguvu na kuanza kuanguka, kisha unaiokoa kabla haijashuka futi mia tatu. Kulia kwake alikaa mtahini, mzee asiyejua kutabasamu. Usukani na pedali zake zimeungana na za mwanafunzi.

Tulipokuwa juu angani akainua pua, na king'ora cha kuonya kuwa ndege inaishiwa nguvu kikalia. Bawa la kushoto likazama. Samahani akasukuma usukani mbele, sawasawa kabisa, akakanyaga pedali ya kulia ili ndege isizunguke. Pedali haikwenda. Akakanyaga tena, mishipa ya shingo imemsimama. Nikachungulia chini. Kiatu cha mzee kilikuwa kimelalia pedali ya kushoto, kikiizuia ya kulia isiende, na mwenyewe hana habari, macho ameyakaza kwenye mshale unaoonyesha kimo.

Neno la kusema tulifundishwa siku ya kwanza: niachie. Lakini utamwambiaje hivyo mzee wa rika la baba yako? Mashamba yakaanza kuzunguka kwenye kioo. Niliogopa, sifichi, nikakumbatia kiti cha mbele. Nikajiona marehemu.

"Samahani, mzee," akaanza. Hata pale, jamani.

Ndege ikazidi kuzama.

"Toa mguu! Niachie!" akafoka Samahani.

Mguu ukatoka. Ndege ikanyooka.

Tukatua, injini ikazimwa. Mtahini akasema futi mia tatu zimepitwa, na mia nzima imeliwa na ile samahani ya mwenzangu.

"Zilizobaki umekula wewe, mzee, kwa mguu wako," Samahani akamjibu.

Mzee akainama, akakitazama kiatu chake kwa muda. Akasema Samahani amefaulu.

Samahani alishindwa hata kufungua mkanda. Nilipomfungulia, neno lake lile lilimfika mdomoni, akalimeza.

Mzee akaniambia nihamie mbele. Kiti kilikuwa kimelowa jasho. Kabla ya kugusa chochote, nikaangalia miguu yake ilipo.