Risasi Nilizoziona Nikanyamaza

Mambo ya risasi nilijifunza peke yangu, kwa simu, chumbani kwangu Kamenu, nikajaza madaftari matatu. Kisha kwenye uwanja wa shabaha ninapofanya kazi, nje kidogo ya Ruiru, akaajiriwa msichana wa rika langu kutoka Murera. Haikupita wiki mbili, Mzee, bosi wetu, akaanza kumwita "fundi". Mimi huniita "wewe". Nilikosa usingizi.

Kwenye meza ya ukaguzi tulifanya kazi pamoja. Mmoja husoma kwa sauti namba iliyochongwa kwenye mtutu wa bunduki, mwingine iliyo kwenye kitako cha risasi. Zisipolingana, hakuna kinachopita. Jumamosi moja Mzee alituambia angemchagua mmoja wetu ashike ufunguo wa stoo ya risasi. Niliutaka sana.

Akaja mteja mwenye haraka, risasi zake kwenye boksi lililochakaa.

"Mbili mbili tatu," nikasoma mtutu.

"Mbili mbili tatu," akajibu mwenzangu. Lakini alisoma boksi.

Mimi niliziona risasi zenyewe. Vichwa vilikuwa vinene mno. Zilikuwa za 300, ambazo ganda lake hufanana na la 223: zinaweza kuingia kwenye bunduki ile, kichwa kikwame, chuma kipasuke karibu na uso wa mtu. Nilijua haya yote. Nikanyamaza. Mzee alikuwa nyuma yetu, na nilitaka aone mwenyewe fundi wake akikosea.

Mteja akanyoosha mkono achukue bunduki.

"Ngoja kidogo, boss." Mwenzangu akatoa risasi moja, akaigeuza. "Haiya! Mia tatu. Mzee, nimesoma boksi, sikusoma risasi. Nimekosea."

Mteja akajishika mashavu. "Wee dada! Hii sura bado naihitaji, sijaoa!"

Mzee hakugomba. Alimpa ufunguo pale pale. "Shika. Wewe ukikosea, angalau nitajua."

Tulipokuwa tukipanguza meza, nikamwambia kwa wivu, "Niliziona kabla yako."

"Ukafanya nini?"

"Nikanyamaza."

Aliweka kitambaa chini. "Nenda umwambie Mzee. Usipoenda, nitaenda mimi."

Mzee alikuwa langoni. Nilitembea polepole, nikiipanga sentensi yangu mara nne njiani, ili nikiri vizuri kuliko mwenzangu.