Kwapa la Baba wa Bibi Harusi

Koti la mwanaume huanza kufa kwapani. Watu hudhani ni kwenye kiwiko au kola. Mimi nimefumua makoti ya watu maisha yangu yote, na nakwambia ni kwapani. Bitana hugeuka manjano, halafu hukakamaa, halafu siku moja jamaa anainua mkono kusimamisha gari na nyuzi zinaachia. Analeta koti kwangu akilalamika kwamba kitambaa ni kibaya. Namwambia kitambaa hakina kosa, wewe ndiwe unayenuka.

Ndivyo nilivyo. Shule niliachia darasa la tatu, na kama adabu ya kuzungusha maneno hufundishwa mbele ya hapo, basi mimi sikufika. Nilianza kwa kushona vifungo kwenye veranda ya mtu kule Eastleigh. Leo nina duka langu Lucky Summer na nyumba za kupangisha juu yake, na hakuna mtu aliyenipa hata uzi. Nyuma ya pazia la duka nimeweka beseni, sabuni na taulo. Mteja akija kupimwa suti, na pua yangu imemjua kabla ya macho, nampeleka pale kwanza. Wengine hukasirika. Mmoja aliniuliza kama mimi ni fundi ama ni mama yake. Nikamjibu kwamba mama yake angemaliza kazi yake, mimi nisingenunua beseni. Alinawa. Suti ile bado anaivaa.

Jasho halina aibu. Wanaume wa huku wanabeba magunia, wanachomelea vyuma, wanasukuma mikokoteni, na jasho ndilo linalolipa kodi zangu. Lakini kuna wale wanaosema eti nywele za kwapa ndizo uanaume, kwamba kunyoa kwapa ni kazi ya wanawake. Mtu kama huyo anatembea na beberu kila aendako, na anashangaa mbona mkewe analala akiangalia ukuta. Mimi nilianza kupunguza zangu nikiwa kijana, kwa mkasi mdogo niliouweka kwa kazi hiyo tu, na bado ni mwanaume. Ulizeni nyumbani kwangu.

Sasa, mwaka jana alikuja mzee mmoja akasimama mlangoni. Hakuingia. Alikuwa mrefu, mabega mapana, mikono ameibana ubavuni kama mtu aliyeficha gazeti kila upande.

"Fundi, unaweza kunipimia hapa nje?"

"Nje kuna vumbi."

"Na ndani kuna watu."

Ndani kulikuwa na akina mama wawili waliokuja kuchukua sare zao za kanisa. Niliwafungia sare haraka, wakaenda. Yule mzee akaingia, na kabla sijafungua mdomo alinitangulia.

"Fundi, mimi nanuka. Nimeona nikuambie mimi mwenyewe."

Nimeshona tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nimewaambia wanaume maneno hayo mara nyingi hata siwezi kukumbuka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia yeye. Niliweka tepu chini nikamvutia kiti, na mimi si mtu wa kuvutia watu viti.

Akanieleza. Alikuwa mtu wa Magharibi, mpakiaji kwenye godauni la ngozi mbichi huko Industrial Area. Ngozi zinafika zimepakwa chumvi, zinalia maji, na yeye anazibeba begani kupeleka kwenye lori. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yake mpaka akawa mwalimu. Sasa binti alikuwa anaolewa na kijana wa familia inayojiweza, na familia mbili zilikuwa zimekutana nyumbani kwa wazazi wa kijana kupanga harusi.

"Nilioga vizuri, fundi. Nikavaa shati jipya. Nikakaa kwenye kiti chao. Mamake bwana harusi akanyanyuka, akafungua dirisha. Hakusema kitu. Akarudi akakaa. Baada ya muda kidogo akanyanyuka tena, akafungua la pili."

"Pengine kulikuwa na joto."

"Mvua ilikuwa inanyesha."

Niliokota tepu nikaanza kuiviringisha.

"Niliporudi nyumbani nikamwambia binti yangu, mdogo wangu ndiye atakushika mkono kukuingiza kanisani. Mimi nitakaa nyuma. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Baba, usiponiingiza wewe, basi nitaingia peke yangu, na watu waulize baba yangu alikufa lini.'"

Akanyoosha kidole kwenye safu ya vitambaa. "Kwa hivyo nataka suti. Na nataka mtu ambaye hataniambia uongo. Waliniambia wewe huna haya."

Nilicheka. "Hawakukosea."

Siku ile sikumpima. Nilimpeleka kwa kinyozi, kijana wa mlango wa pili mwenye hereni. Tulimkuta akipangusa kioo.

"Niaje mzae," akanisalimia. "Huyu buda tunamkata staili gani?"

"Kichwa kiache. Ni kwapa."

Mzee akavua shati, akainua mkono pole pole, kama mtu aliyeshikiwa bunduki. Kinyozi akainama, akaangalia, akasimama wima.

"Eish! Mzae, huu ni msitu wa serikali. Hapa siwezi kukata bila kibali!"

Nilidhani mzee atashika shati lake aende. Badala yake alianza kucheka, mkono bado uko juu, akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Kata, kijana wangu. Kibali nimekupa mimi."

Yule kijana akatoa mashine nyingine, ile ya vichwa haitumii huko, akapunguza nywele zikabaki fupi kama za mtoto wa shule. Akamfundisha. Nywele ndefu hushika jasho, na jasho likilala ndilo linalonuka. Osha kwa sabuni, jikaushe kabisa, ndipo upake dawa ya kwapa, wala usipake juu ya jasho la jana. Nguo za godauni ziachie godauni. "Na usishushe mpaka ngozi," akasema. "Ukishusha mpaka ngozi, kesho utaimba."

Mzee alirudi kwangu kila nilipomwita kujaribu koti. Mara ya kwanza bado harufu ilikuwepo, nikamwambia. Hakununa. Akasema, "Sawa, fundi, bado tunapigana." Mara ya pili ilikuwa kidogo. Mara iliyofuata niliinamisha pua yangu kwapani mwake, pua hii hii ambayo haijawahi kumbembeleza mtu, nikasikia sabuni na pamba mpya. Nilimwambia hivyo. Mzee mzima aligeuka akaangalia barabarani kwa muda.

Mnajua ni kazi gani hiyo? Kubeba ngozi mchana kutwa, kunawia kwenye bomba la godauni wenzako wakikuita bibi harusi, kubadilisha shati kabla ya kupanda gari, na kufanya hivyo kila siku bila mtu wa kukupigia makofi. Nimeona wanaume wenye nguvu wakishindwa na kazi ndogo kuliko hiyo.

Koti lake nililishona kwa moyo wote. Kwapa nililikata juu, karibu na mwili. Mafundi wa haraka hulikata chini wakidhani wanaongeza nafasi, na mwenye koti akiinua mkono linapanda lote mpaka masikioni. La mzee lingebaki pale pale. Ndani nikamwekea vipande vya pamba, umbo la nusu mwezi, vya kufunga kwa vifungo vidogo ili avitoe na kuvifua.

Asubuhi ya harusi nikiwa nafungua duka, nilimwona akija kuchukua suti. Alitembea ametanua mikono pande zote mbili, kama kuku aliyelowa anayeanika mabawa. Watu walimpisha njia.

"Fundi," akasema, "nimejimaliza."

Hofu ilimwingia jioni ya jana yake. Alijinusa, akajinusa tena, akaona pengine pua yake inamdanganya. Akachukua wembe akashusha kila kitu mpaka ngozi. Halafu akapaka ndimu, na juu ya ndimu akapaka spiriti. Nilimwambia anionyeshe. Makwapa yalikuwa mekundu, yamevimba, yanang'aa kama nyanya.

Nitasema ukweli, nilicheka kwanza. Naye akacheka, lakini machozi yakamtoka.

"Siwezi kushusha mkono, fundi. Nikijaribu ni moto. Atanishikaje? Nimpigie mdogo wangu simu?"

"Weka hiyo simu."

Nilimnawisha kwa maji baridi. Nikaagiza kutoka kwa muuza maziwa mafuta ya kukamulia ng'ombe, nikampaka mwenyewe, tele, kama mtu anayepaka siagi mkate wa mgeni. Nikachana fulana yangu kuukuu, iliyolainika kwa miaka ya kufuliwa, nikatoa vile vipande vya pamba pamoja na bitana ya polista chini ya mikono na kushona fulana ile mahali pake. Mkono wangu haujawahi kwenda haraka namna hiyo. Alipovaa, akashusha mikono kidogo kidogo, ameuma meno.

"Inauma?"

"Inauma. Lakini imeshuka."

Nilifunga duka nikaenda naye. Niliketi karibu na mbele, kwa kuwa napenda kuona kazi yangu. Mlango ukafunguliwa. Binti alikuwa amepitisha mkono kwapani mwa babake, amejibana kwake kabisa, na mzee alitembea wima, bila haraka, mpaka mbele. Machozi yalikuwa yakimtiririka. Mama mmoja kando yangu akasema, "Ona baba anavyompenda." Nikaitikia. Mimi nilijua mengine yalikuwa ya ndimu na spiriti, lakini si yote.

Baada ya viapo mchungaji aliwaita wazazi wa pande zote wawainulie maharusi mikono na kuwabariki. Mzee alisimama bega kwa bega na mamake bwana harusi, yule yule wa madirisha. Akainua mikono yote miwili juu kabisa. Koti halikusogea hata upana wa kidole. Nilimtazama yule mama. Naye hakusogea.

Maombi yakaisha, watu wakasema amina, mikono ikashuka. Ya mzee ikabaki juu. Feni ilikuwa inazunguka juu ya kichwa chake, na niliona uso wake umetulia kama wa mtoto anayepepewa. Mchungaji akadhani Roho ameshuka, akaanza kuomba upya. Kanisa zima likainua mikono tena. Niliuma kitambaa changu cha mkono nisipasuke kwa kicheko.

Kwenye ukumbi wa chakula walimketisha kando ya mamake bwana harusi. Mzee alikuwa ameegemeza mikono juu ya viti viwili, amejitanua kama mwenye nyumba, na upepo ulikuwa ukiingia kutoka nyuma yake. Nilipita na sahani yangu nikamsikia yule mama akimwinamia.

"Baba, huo upepo haukusumbui? Niwaambie wafunge dirisha?"

Mzee akaniangalia mimi kwanza, halafu yeye.

"Hapana, mama," akasema. "Waliache wazi. Na kama kuna la pili, wafungue pia."