Kadi Iliyokuja na Posa

Juzi nilikwenda ofisi ya kusafirisha mizigo kwenda nyumbani, pale Deira huku ughaibuni, na nakiri kwamba niliruka foleni. Mungu anisamehe, maana bila dhambi hiyo kisa hiki kingenipita.

Kijana wa kaunta alikuwa akimpa kila mteja kadi ya kazi yenye jina lake yeye kijana na namba ya simu, kwa mikono miwili. Akampa na mama mmoja wa Kizanzibari. Mama akafungua mkoba, akatoa kadi nyingine kama ileile, inanukia udi.

"Hii ililetwa kwangu jana ndani ya barua ya posa," akasema. "Nikaiweka kwa heshima. Kumbe unamgawia kila mtu! Mwanangu ni mteja wa ngapi?"

Kijana alitoka jasho na kiyoyozi kinawaka. "Shikamoo, mama. Hizi nyingine nyuma hazina kitu. Hebu igeuze hiyo yako."

Mama akaigeuza, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti jina la mzazi wa kijana, mtaa aliozaliwa na msikiti anaosali. Foleni nzima ikanyoosha shingo.

"Marahaba," akasema mwishowe, akairudisha mkobani. "Nipimie boksi langu. Na usinizidishie kilo, mkwe."

Tukapiga makofi. Nikageuza kadi yangu: tupu.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu, kisha nikaungama kwamba barua yangu ya posa aliiandika mshenga, nami sikuisoma hata mstari.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana mpaka leo sijaiona ile cherehani uliyoniahidi humo baruani."