Shimo Tulilolichora Mkekani

Kampuni niliyokuwa nikiichorea ramani ilipata kazi ya kujenga barabara upande wa mashariki wa kisiwa, na barabara haijengwi bila kifusi na kokoto. Bosi wangu aliniita, akanionesha kwenye ramani pahala pa kuchimba. Palikuwa kijijini kwa mke wangu, juu kidogo ya Kiwengwa, mbali na pwani, kwenye uwanda wa mawe na majani ambako wakwe zangu huwafunga ng'ombe wao.

"Mimi nimeoa pale," nikamwambia.

"Vizuri zaidi. Watakusikiliza."

Mimi ni mtu wa Mtoni, kando ya mji, na majani kwangu yalikuwa majani tu. Nilikwenda na vyombo vyangu, nikapima, nikachora shimo moja kubwa la mraba katikati ya uwanda, pale mwamba ulipokuwa mgumu na karibu na juu. Kwa mchimbaji, pahala bora kuliko pale hapakuwapo.

Siku ya mkutano sheha, kiongozi wa kijiji, aliwakusanya watu skulini. Nikabandika ramani ukutani na kueleza. Wanaume waliuliza habari za ajira na vumbi. Kisha upande wa wanawake ukanyanyuka mkono, nikautambua kabla sijaiona sura. Alikuwa mke wangu, aliyetangulia kwao tangu jana, amekaa ubavuni mwa mama yake.

"Assalaam alaykum. Nna suala kwa bwana mchoraji."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mstari wako umelimeza bonde letu la katikati ya uwanda. Kiangazi, majani ya kote yashakauka, ya bondeni bado mabichi. Nimefunga ng'ombe pale tangu sijaanza skuli. Mkipachimba, watakula nini? Na mkishaondoka? Upande wa pili lipo shimo la zamani, kuta zake zimesimama wima. Ndama wetu alitumbukia, akafia humo huku tunamtazama."

"Tutazungushia uzio," nikajibu.

"Na uzio ukioza?"

Sheha akasema ramani irudi ikatazamwe upya, akafunga mkutano kwa dua.

Tulirudi nyumbani Mtoni. Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, mke wangu alitandika mkeka uani, akaniambia nilete ramani.

"Ungeniambia haya nyumbani," nikasema. Hasira ilikuwa bado haijanitoka.

"Ungenionesha nyumbani, ningekwambia nyumbani. Na pale sikuwa nikisema na mume wangu. Nilikuwa nikisema na kampuni."

Nilijizuia nisicheke, nikashindwa. Akaigeuza ramani juu chini, akatafuta msikiti wa kijijini kwao, na alipoupata akaanza kutembea kwa kidole: hapa ng'ombe hupita asubuhi, hapa pana kisima, hapa miiba mitupu. Alitaka shimo lihamie mwisho kabisa wa uwanda. Nikamwambia haiwezekani, mwamba wa kule ni laini, ukipitiwa na malori unageuka unga. Akanibishia. Nikamletea vipande viwili vya mawe nilivyovichukua kule, akakivunja kimoja kwa mchi, kikasambaratika.

"Haya," akasema. "Basi tutafute katikati yako na yangu."

Chai ikapoa. Magharibi ilipoadhiniwa tulikuwa na shimo jembamba, refu, linalofuata ukingo wa uwanda mpaka pale mwamba unapoanza kulainika, na kuliacha bonde zima. Lingechimbwa kipande kwa kipande. Udongo wa juu ungekwanguliwa na kuwekwa kando, na kipande kikimalizika kuta zake zingelazwa ziwe mteremko ili mnyama akiingia apate kutoka. Udongo ungerudishwa kwanza, ndipo kipande cha pili kifunguliwe.

Nilipompelekea ramani mpya, bosi aliguna. Malori yangezunguka zaidi.

"Nani kakutia maneno haya?"

"Mke wangu."

Akauliza kama wanakijiji watakubali. Nilimwambia kuahidi siwezi, lakini twende tukawaulize.

Walikubali, si kwa urahisi. Walitaka kila neno liingie kwenye mkataba, wakachagua kamati ya kuangalia kazi, na mama mkwe wangu akawemo. Baba mkwe aliuliza suala moja tu: mvua za masika zikilijaza shimo, itakuwaje? Nilimwambia kweli, kwamba nimeacha njia ya maji lakini sijui kama itatosha. Akaitikia kwa kichwa.

Masika ilipopita, maji yalikuwa yamesimama pembeni kidogo tu. Kipande cha kwanza kimeshafukiwa udongo wake. Mwezi uliopita tulikwenda kukitazama. Majani yameota kwa mabaka, mengine magugu, na mawe bado yanachomoza. Mama mkwe alikuwa amemfunga ng'ombe mmoja pale kwa kujaribu.

"Anakula," mke wangu akasema, na nikamwona akitabasamu.

"Anakula magugu," mama akajibu. "Lakini anakula."

Kwenye kipande cha pili mashine ilikuwa ikinguruma. Mama alikaza kanga kiunoni, akaondoka kwenda kumwambia dereva kuwa rundo lake la mawe limeziba njia ya ng'ombe. Dereva alizima mashine, akashuka kumsikiliza.