Abee ya Kwenye Kanda

Wiki iliyopita, siku ya kufunga shule, wasichana waliupiga ule wimbo ukumbini. Mwaujua, nyote mwaujua, hata kama mwajifanya mmeuchoka. Ngoma zinakwenda, zinakwenda, halafu zinakatika ghafla, kimya cha kama pumzi moja, na ukumbi mzima ukaitika: "Abeee!" Madirisha yalitetemeka. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, mdomo nimeuziba kwa kiganja, na msichana aliyekuwa kando yangu akasogea haraka akidhani nataka kutapika.

Sikutaka kutapika. Ni kwamba kile kimya hunijia na harufu. Harufu ya ubani, na ya betri zilizoanikwa juani, na ya kopo la biskuti lililofungwa miaka mingi. Shuleni sijamweleza mtu. Mimi si msemaji, maneno yangu huishia kwenye daftari. Lakini ninyi hamnioni uso, kwa hivyo nitawaambia.

Nilikuwa na miaka tisa, niko darasa la nne. Tulikuwa tukikaa Bofu, huku Likoni, mimi na Mama, na Baba alikuja mwisho wa mwezi. Nyumba yetu ilikuwa na desturi moja ambayo sikujua kuwa ni desturi mpaka nilipoanza kwenda kucheza kwa kina Kadzo, jirani zetu. Kwa kina Kadzo watu waliitana kutwa. Mama yake aliita kutoka uani, nyanya yake akaita kutoka chumbani, na Kadzo akijibu kutoka juu ya mpera. Kwetu hakuna aliyemwita mtu. Mama akinitaka aliacha mwiko ndani ya sufuria, akajifuta mikono kwa leso, akaja mpaka pale nilipo, hata kama ni ng'ambo ya barabara, akanigusa bega. "Mwanasha, njoo ule." Kadzo alikuwa akicheka sana. "Mamako hana koo?" akaniuliza.

Nilidhani najua sababu. Watoto wote wa kwetu tulifunzwa kwamba ukisikia jina lako na humwoni akuitaye, usiitike mpaka uitwe mara ya tatu. Binadamu anayekutaka hachoki kuita. Kile kingine hakifiki mara ya tatu. Basi nikajua Mama ananilinda na kile kingine, na usiku nikilala nilijiona mtoto wa bahati.

Ndipo wimbo ukatoka. Uliimbwa na kijana mmoja wa Mtongwe aliyepaka nywele rangi ya embe, na kwa juma moja ukawa kila mahali, kwa kinyozi, kwenye kibanda cha viazi karai, kwenye simu za makanga, hata kwa yule mzee wa gesi ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu. Kadzo akautungia mchezo. Tunazunguka ukutani huku mmoja wetu akiimba. Akinyamaza, sote twaitika "abee", na wa mwisho kuitika anatoka. Kila mara nilikuwa natoka mimi.

"Mwanasha mwoga! Kuitika tu kwamshinda!"

"Si mwoga. Nani ametuita?"

"Hakuna aliyetuita, we nawe! Ni wimbo."

"Basi twamwitikia nani?"

Kadzo alinitazama, akatazama nyuma yake kidogo, halafu akanisukuma. "Hebu toka huko, waharibu mchezo."

Mara ya kwanza wimbo ule kuvuka ukuta wetu, Mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Kimya kilipofika, mkono wake ulisimama na kifuu. Watoto wa nje wakaitika. Mama akainuka, akafunga dirisha la jiko, na joto lile la mwezi wa pili, akarudi kukuna. Nikaona nyama ya nazi imeanguka nje ya sinia, na Mama si mtu wa kumwaga.

Kila siku baada ya chuo cha Kurani nilikuwa napitia kwa Bi Nuru, dada mkubwa wa marehemu bibi yangu aliyemzaa Mama. Alikuwa akishona kofia za vito, zile za vitundu vinavyozungushiwa uzi, na macho yake yalikuwa yamechoka, kwa hivyo kazi yangu ilikuwa kumtungia nyuzi kwenye sindano, kumi kwa mpigo, nazichomeka kwenye mto mdogo. Siku hiyo nilikuwa natunga huku naimba chini kwa chini, bila kujijua:

*Bwana harusi yuaja, fungulieni mlango...*

"Umeyatoa wapi maneno hayo?" Bi Nuru akauliza.

"Ni ya yule kijana, bibi. Rimiksi."

"Rimiksi!" Akacheka, lakini si kwa furaha. "Huo ni wimbo wa somo yako, mtoto."

Somo yangu ni bibi yangu, Mwanasha wa kwanza. Mimi nimepewa jina lake. Sikuwahi kumwona, na picha yake tulikuwa nayo moja tu, amegeuza uso. Kumbe alikuwa mwimbaji wa vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusini ambayo hupigwa kwa pembe za nyati na fimbo, ndani, milango imefungwa, mwanamume hasikii. Harusi moja ya hapa hapa Bofu ikanaswa kwenye kanda. Zikatolewa kanda mbili, moja ya bi harusi, moja ya waimbaji. Bi harusi akaenda na yake Mtongwe kwa mumewe. Yule kijana wa nywele za embe ni mjukuu wake.

"Amekuta kanda ya bibi yake akachukua kila kitu," alisema Bi Nuru. "Hata kile asichokijua amekichukua."

Akainuka, akafunga mlango. Chini ya kitanda akavuta kopo la biskuti, na ndani yake, katika kipande cha leso, pamoja na vipande vya ubani, ilikuwa kanda. Redio yake ilikula betri tu, panya walikuwa wameshakula waya, na betri zenyewe alikuwa akizianika dirishani zipate nguvu. Zilikuwa za moto mkononi. Akakaza utepe wa kanda kwa penseli yangu, akaiweka, akabonyeza.

Mwanzo sauti ilitoka nzito na ya polepole, kama mwanamume anayeongea ndani ya kisima, nikamshika Bi Nuru mkono. Halafu ikapanda, ikapanda, ikawa mwanamke. Pembe zikagongwa. Nikasikia vigelegele, na kijiko kikianguka, na kitoto kichanga kikilia kisha kikanyonyeshwa. Bibi yangu hakuimba vizuri kama yule kijana. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo, na ilikuwa kama ya mtu anayeimba huku anatafuta kitu machoni mwa watu. Ubeti wa pili ukaisha. Pembe zikanyamaza zivute pumzi.

"Abee."

Si kwa kelele kama ya watoto wa mtaani. Taratibu, karibu na masikio yangu, kama unavyomwitikia mtu aliyesimama mlangoni. Kisha wimbo ukaendelea, lakini sasa bibi alikuwa anakimbia nao.

Bi Nuru akazima.

"Nilikuwa kando yake, goti kwa goti. Hapakuwa na aliyemwita."

"Labda hukusikia, bibi."

"Chumba kizima cha wanawake wasisikie? Aliumaliza wimbo, akaweka pembe chini, akavaa buibui akaondoka. Hata pilau hakula. Wiki tatu baadaye tukamzika. Watu wakasema, kaitika." Akairudisha kanda kwenye leso. "Mamako usimwambie. Wasikia, Mwanasha? Wallahi, hata neno."

Nikamuuliza kwa nini. Akakata uzi kwa meno, akaniambia nitunge sindano.

Niliiweka siri ile siku tatu, na sijawahi kubeba kitu kizito kama hicho. Nilikuwa nahesabu: abee kwa kinyozi, abee kwenye kibanda cha viazi, abee juu ya mpera. Likoni nzima ilikuwa inaitika, asubuhi mpaka jioni, na mimi peke yangu ndiye niliyejua ni wito gani. Nilikiona kile kingine kinapita njiani mchana kweupe, kinachagua.

Siku ya nne, adhuhuri, Mama alikuwa anachuja tui. Wimbo ukavuka ukuta. Kimya. "Abeee!" Mama akainuka afunge dirisha, na hapo nikapasuka.

"Mama, bibi aliitika! Yumo kwenye kanda ya Bi Nuru. Aliitika na hakuna aliyemwita!"

Nilingoja anipige, au aniulize kanda gani. Aliuliza, "Harusi gani?"

Nikamwambia. Aliliacha tui kwenye kitambaa bila kulikamua, akavaa buibui, akatoka mbele yangu. Nilimfuata mbio na ndala moja mpaka kwa Bi Nuru.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu." Bi Nuru akanitazama. Mimi nikatazama mkeka.

"Nataka kumsikia mamangu."

"Riziki, mwanangu," Bi Nuru akamtaja Mama kwa jina, "yaache yaliyopita."

"Miaka yote hii sauti ya mamangu imo kwenye kopo la biskuti?" Mama hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Betri zilikuwa hazijaanikwa, kwa hivyo bibi aliimba kwa kuburura, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Tukafika. *Abee.* Mama akasema, rudisha. *Abee.* Rudisha. Mara ya tatu akakaa chini, juu ya kofia ya mtu, na Bi Nuru hakumkataza.

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Ngoma ilianza tulipomaliza swala ya alasiri."

Mama akasema, akiitazama redio na si sisi, "Siku hiyo nilikuwa Mikindani. Nina surua."

Alikuwa na miaka sita. Mtoto wa surua hapelekwi nyumba yenye harusi, kwa hivyo bibi alimwacha kwa jirani kule Mikindani walikokuwa wakikaa, chumba kimetiwa giza, amefunikwa kaniki. Jirani akatoka kwenda kuteka maji. "Adhana ya alasiri ilipokwisha nikaanza kumwita," Mama alisema. "Mama. Mama. Niliita mpaka sauti ikakatika, nikawa naita kwa midomo tu. Hakuja mtu. Nilikasirika, Mama Mkubwa. Kisha akafa na mimi bado nimekasirika. Tangu siku hiyo sijamwita mtu."

Bi Nuru alikuwa analia bila kujifuta. "Alikuja, mwanangu. Alipokuwa anavaa buibui nilimuuliza waenda wapi, ngoma bado mbichi. Akaniambia, Riziki ananiita. Tukamcheka! Bofu na Mikindani, kivuko katikati na kisiwa kizima, ati Riziki ananiita. Magharibi alikuwa ameshafika, amekupakata. Wewe hukuwa na fahamu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekwambiaje? Alirudi na homa, akafa. Mji mzima unasema kaitika kitu ndicho kilichomchukua. Wewe una miaka sita. Nikwambie kitu chenyewe ni wewe?"

Kanda ilikuwa bado inazunguka. Hakuna aliyekumbuka kuizima. Wanawake wa harusi ile walikuwa wanapiga vigelegele, na betri zikawa zinakwisha, vigelegele vikashuka, vikawa vizito, vikawa kama vilio, vikasimama.

Mama aliinua ile kofia aliyoikalia, akainyoosha, akamrudishia Bi Nuru. Akasema, "Aliniitikia." Sikujua anasema kwa furaha au kwa nini. Mpaka leo sijui, na sijawahi kumuuliza.

Tulirudi nyumbani. Aliingia jikoni kwenye tui lake, mimi nikakaa barazani kuvua ile ndala moja. Jua lilikuwa linaanza kulegea, msikitini wametoka kuswali alasiri, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu wiki hiyo ianze.

"Mwanasha!"

Sauti ilitoka ndani, na aliyeita simwoni. Sikuwa nimewahi kuisikia sauti ya Mama ikisafiri. Ilikuwa nyembamba, ya kitoto, kama kitu kilichokunjwa miaka mingi. Nikakumbuka sheria ya mara tatu, nikangoja ya pili. Haikuja. Nikajua kama sitaitika sasa, haitakuja tena maisha.

"Abee," nikasema.

Na wallahi, sauti iliyonitoka ilikuwa na mkwaruzo ambao asubuhi yake sikuwa nao.

Ndani nikasikia tui likikamuliwa. Hakunituma kitu, wala sikwenda kuuliza nimeitiwa nini. Siku hizo niliamini kuwa nimeitwa mimi, si somo yangu.

Nimeshakua sasa, na najua kwamba haikuwa hofu ya majini iliyomfanya Mama aache mwiko na kuja kunigusa bega. Alikuwa hataki kuita akakosa jibu mara ya pili. Lakini kuna jingine ambalo nimelielewa juzi tu, pale ukumbini, na huenda mkanicheka. Ile abee haikuwa ya wimbo, wala ya yule kijana, wala yetu sisi tunaoipigia kelele. Ina mwenyewe. Kuna mtoto wa miaka sita kule Mikindani, chini ya kaniki, koo limemkauka, na anaita. Ndiyo maana niliuziba mdomo. Niliogopa, katika abee zote zile, asije akaikosa ya mamake.