Siku Niliyoipaka Mota Rangi ya Bluu

Habari hii sijawahi kuisimulia nikiwa nimeinua uso, na hata sasa ninapoiandika aibu inanipanda shingoni, lakini kwa kuwa Kibaoni nzima wanaijua (na wengine wanaisimulia vibaya kuliko ilivyokuwa), bora muisikie kwangu mimi niliyeyafanya mambo yenyewe.

Nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Kibaoni, Ifakara, mwaka wa ishirini huu. Mwalimu Pendo, anayefundisha fizikia sekondari, aliniomba awalete wanafunzi wa kidato cha nne, maana alitaka wajue kwamba kazi za umeme si kupanda nguzo tu: kuna wanaouzalisha kule Kidatu, wanaopanga njia za kuusafirisha, wanaofunga sola za kuvuta maji, na wanaotengeneza mota kama yangu. Nikakubali. Kisha akanieleza la pili. Kulikuwa na binti mmoja, Nyamizi, anayetaka kwenda chuo cha ufundi akasomee umeme, ila baba yake anataka aende kwa shangazi akauze katika duka la dawa za mifugo. Baba huyo ni Masanja, mfugaji wa njia ya Malinyi, mteja wangu, naye alikuwa amemwambia mwalimu: "Nitakuja nione kwa macho. Yule mzee wa mashine akisema hiyo kazi inamfaa binti yangu, basi."

Yaani mimi! Nikavimba kichwa.

Siku moja kabla nikaitazama mota yangu, imejaa vumbi na grisi, nikaona haifai wageni waikute hivyo, nikaamua kuipaka rangi. Mkasa wote ulianzia hapo, kwenye kopo la rangi ya bluu lililobaki tulipopaka mlango. Nikazima swichi kubwa, nikafungua nyaya tatu zinazoingia kwenye mota, nikapaka, na kwa kuwa rangi ilikuwa bado ipo nikazipaka na nyaya zenyewe zipendeze, pamoja na vile vipande vya utepe wa rangi ambavyo fundi alivifunga ili kila waya ujulikane unarudi wapi. Asubuhi zote tatu zilikuwa bluu. Ningempigia fundi simu angekuja (yuko hapo stendi tu), lakini nikajiambia, miaka ishirini yote hii, nimwite mtu kwa nyaya tatu? Nikazifunga kwa kukisia.

Wanafunzi wakaja kama arobaini, mashati meupe yanang'aa, na Masanja akaja na gunia lake la mpunga, akasimama karibu kabisa na mashine. Nikahutubia weee, utadhani mimi ndiye niliyeugundua umeme. Nyamizi akainama kuitazama mota, mikono ameiweka nyuma kama walivyofundishwa.

"Shikamoo babu. Nyaya zote ni bluu, umezijuaje?"

"Marahaba. Uzoefu, binti yangu." Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao (mjinga mimi).

Nikawasha. Mashine ikanguruma vizuri tu, nikamimina mpunga wa Masanja, na mpunga badala ya kushuka ukapanda, ukarudi kwenye mdomo uleule nilikoumiminia, na pumba na vumbi lote lililokuwa limelala tumboni mwa mashine likaufuata, mashati meupe yakawa kama magunia, kofia ya Masanja ikaanguka na ndevu zake zikajaa pumba, na mmoja akapiga kelele, "Jamani, mashine inatapika!" Wote walikimbilia mlangoni isipokuwa Nyamizi.

"Babu, zima! Inazunguka kinyume! Nyaya mbili zimebadilishana nafasi!"

Nikazima. Nilijua palepale kwamba yuko sahihi, na hilo ndilo lililoniuma. Nikageuka, mzee mzima, nikasema: "Huyu binti alikuwa anashikashika hapa."

Mikono ya Nyamizi ilikuwa bado nyuma.

Masanja alijifuta uso taratibu, akaokota kofia. "Mwalimu, umeona? Sikumlea aje kuharibu mali za watu. Nyamizi, twende." Mwalimu Pendo akanitazama tu, wala sikuweza kumtazama.

Kesho yake nikapanda bodaboda hadi kwa Masanja. Mlangoni niliona begi la Nyamizi limeshafungwa, tayari kwa safari ya kwa shangazi. Masanja nilimkuta zizini.

"Shikamoo mzee wangu. Umekuja kudai fidia ya mashine yako?"

"Marahaba. Binti hakugusa kitu. Ni mimi." Nikamweleza yote, mpaka kopo la rangi.

Alimkuna ng'ombe shingoni muda mrefu. "Uongo uliusema mbele ya watu," akasema, "ukweli unaniletea zizini?"

Basi wiki hiyohiyo nikamwomba mwalimu awarudishe wanafunzi walewale. Masanja naye akaja, jua linawaka, amevaa koti la mvua na amelifunga vifungo mpaka shingoni, akasimama nyuma ya mlango. Watoto walicheka mpaka mwalimu akageukia ukutani kuficha kicheko chake. Nikasimama mbele yao nikasema nilikosea nyaya, nikadanganya, nikamsingizia mwenzao aliyejua kuliko mimi. Kicheko kikakatika.

Fundi (safari hii nilimwita) akazima swichi kubwa, akapima kuhakikisha umeme haupo, kisha akampa Nyamizi bisibisi. Binti akafungua nyaya mbili, akazibadilisha, akakaza. "Rudini nyuma wote," akasema, nami nikarudi nyuma kama wengine. Mashine ikawaka. Mpunga ukashuka, mchele ukatoka.

Masanja akasogea, akakinga kiganja, akatafuna punje chache huku akimtazama binti yake. Kisha akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Huko chuoni," akamuuliza mwalimu, "wanaanza lini?"

Nimeapa kutogusa waya bila fundi, na kutomtupia mtoto kosa langu tena maisha yangu yote. Nyamizi akirudi likizo hupita kunisalimia, shikamoo yake ni ileile, ila kila akiingia kwenye mashine huweka mikono nyuma. Nimemwambia, mjukuu wangu, acha, hapa ni kwako. Anasema ni kanuni tu ya usalama, babu.

Huenda. Lakini mimi kila nikiiona mikono ile hutazama chini.