Dorika Alipoacha Kupika Pombe

Asubuhi ile mke wangu Dorika alikuwa anaanika kimea cha mtama kwenye mkeka, mbele ya nyumba yetu hapa Misigiri. Mimi nimekaa kwenye kigoda. Akaniambia nisogee, namzibia jua. Nikasogea.

"Bado. Wewe ukikaa unakuwa kama mlima."

Tukacheka. Ndiyo asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida. Mchana akaanguka jikoni, mkono na mguu wa kulia vikafa. Presha, walisema.

Watu wanamkumbuka kwa pombe. Alikuwa mwanakwaya, mwenyewe hakuonja hata tone, lakini hakuna aliyepika kama yeye. Kwetu ukitaka watu wakulimie, ulimpelekea Dorika mtama, anakupikia. Watu wakisikia iko tayari, wanakuja na majembe. Bila pombe utalima peke yako.

Mimi namkumbuka kwa ugonjwa wangu.

Mwaka juzi mkojo ulinifunga. Nilisimama nyuma ya nyumba nasukuma, hautoki. Hospitalini nikawekewa mpira wa kutolea mkojo. Mfuko wa mkojo ukawa kiunoni chini ya koti, popote niendapo nao upo. Wakapima, wakasema saratani ya tezi dume. Dawa ni kuzuia homoni ya kiume: ama kukatwa korodani, ama sindano kila baada ya miezi mitatu, maisha yote.

Nikasema kukatwa sitaki. Nimehasi ng'ombe wengi, maksai namjua.

"Maksai ndiye analima," Dorika akasema. "Fahali anakula tu."

Daktari akacheka. Mimi sikucheka. Nikachagua sindano.

Dorika akauliza hiyo homoni inafanya nini hata iue mtu. Daktari, binti anaitwa Theodora, akaeleza kwamba homoni haikuzi tezi kwa mkono wake. Inaingia katika nyama ya tezi, inaiamuru itoe vichocheo vya kukua, na vichocheo hivyo ndivyo vinaziambia seli ziongezeke. Akaona tumekodoa macho. Akamuuliza Dorika kazi yake. Alipojibiwa akafurahi.

"Basi mama, homoni ni mwenye shamba. Hashiki jembe. Anaagiza pombe ipikwe, na majirani ndio wanalima. Saratani ni majirani wasiojua kuacha, wanalima mpaka barabarani. Sindano inamwondoa mwenye shamba. Pombe haipikwi, watu wanakaa kwao."

"Kweli, bila pombe hawalimi," Dorika akasema.

Tukarudi nyumbani. Dorika akafunika mitungi yote. Msimu wa kulima ukafika, mdogo wangu Andrea akaja na mtama wake. Akakataliwa.

"Shemeji, siku hizi umeokoka?"

"Kaka yako anaumwa kwa ajili ya pombe."

"Kaka hanywi!"

"Si ya kunywa, ya kupikwa. Daktari amesema ikipikwa, kile kitu kinakua."

Andrea akacheka mpaka akakaa chini. Mashamba ya jirani yakachelewa, lawama zikaja kwetu. Dorika hakuyumba. Mimi nilinyamaza, maana hata mimi ndivyo nilivyosikia.

Siku ya sindano nyingine akamsimulia Theodora kwa fahari. Binti akaziba mdomo.

"Mama, ule ulikuwa mfano!"

Dorika akamwambia, "Siku nyingine chukua mfano wa kazi ya mtu mwingine." Kisha akauliza, "Na hao majirani wakijifunza kupika wenyewe?"

Theodora hakucheka. Akasema inatokea. Kuna saratani zinazojifunza kujitengenezea. Ndiyo maana sindano hairukwi, na damu inapimwa.

Dorika akarudi kwenye mitungi yake, lakini siku za sindano alizishika kichwani yeye. Mpira ukatolewa. Joto la ghafla likaanza kunipanda, jasho kama la mwanamke wa makamo, na nguvu za kiume zikaisha. Nilikuwa kama mtu aliyefungiwa katika nyumba isiyo yake. Dorika alinipepea kwa ungo.

Alipoanguka, siku yangu ya sindano ilimkuta kitandani, mdomo umepinda. Binti yetu Severina alikuwa nje na bodaboda ya kunipeleka kwenye basi. Nikienda, namwacha. Nisipoenda, majirani wanaanza kupika. Nikasimama mlangoni, mbele sitoki, nyuma sirudi. Akaniita kwa mkono wa kushoto, akasema maneno yake. Nikaenda. Niliporudi walikuwa wamemfunika.

Sasa siku nyingine imefika. Severina ananiuliza, "Baba, tutaenda?"

Kuishi sina hamu, kufa nimekatazwa. Aliyenikataza hayupo nibishane naye. Nitaenda. Maneno yake ni haya, sikuongeza wala kupunguza:

"Nenda ukachomwe, Baba Severina. Tukifa wote wawili, mbuzi wetu nani atawafungulia?"